LUGHA ISIYO NA NDUGU: SIKU MBILI KANDO YA ZIWA EYASI

Wahenga walisema tembea uone. Mimi mwenzenu nimetembea, nikaona, tena nikasikia nisiyotarajia kusikia. Kwa kuwa chama chetu cha Kiswahili kina jarida lake, sikuona vyema mambo haya yakae moyoni mwangu peke yangu. Nimeshika kalamu niwaeleze juu ya lugha moja isiyo na ndugu duniani, juu ya watu wanaoizungumza, na juu ya swali dogo nililoulizwa huko ambalo hadi leo sijamaliza kulijibu.

Wengi wenu mnanifahamu. Nilikuwa nanyi hapa Kitisuru katika kidato cha kwanza. Mwaka wa 2024 mama alihamishiwa kazi Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nami nikasoma huko mwaka mmoja kabla ya kurudi. Wale mliovumisha kwamba nimekwenda "majuu" mlikosea. Nilivuka mpaka wa Namanga tu. Lakini nawaambia, si lazima mtu apande ndege ndipo awe mgeni.

KISWAHILI CHA GETINI

Nilipofika Arusha nilijiona bingwa. Si nilikuwa nimepata alama themanini na tisa katika mtihani wa Kiswahili wa mwisho wa mwaka? Basi siku ya kwanza nikaenda dukani pa shule, nikamwambia mama muuzaji, "Nipe chai." Alinitazama juu hadi chini. Mwenzangu akaninong'oneza, "Huku tunasema naomba chai, tena unaanza na shikamoo."

Siku ya pili nikawahadithia kwamba nyanya yangu anaishi Wangige. Darasa zima likaangua kicheko, maana kwao nyanya ni ile inayokaangwa pamoja na vitunguu. Nami nililipa kisasi wiki iyo hiyo bila kukusudia. Kijana mmoja wa miaka kumi na sita alisema kwamba likizo ikifika anakwenda kijijini kumwona bibi yake. Nikamuuliza ameoa lini! Kumbe bibi wa Tanzania ndiye nyanya wa Kenya, na bibi wa Kenya ni mke. Tulicheka mpaka mwalimu akaingia.

Lakini kicheko kilipokwisha nilianza kuwaza. Kwetu Kitisuru, tuseme ukweli jamani, Kiswahili tunakizungumza na nani? Tunazungumza na askari wa getini, na dada anayetusaidia nyumbani, na mzee anayekata ua, na makanga wa matatu kule Lower Kabete Road. Kwa wazazi ni Kiingereza, kwa marafiki ni Sheng. Kiswahili changu kilikuwa kimejaa amri: fungua, leta, ngoja, nishukishe hapo. Ndiyo maana nilisema "nipe". Sikuwa nimezoea kumwomba mtu kitu kwa Kiswahili.

Na lugha za wazazi wangu je? Baba ni Mjaluo wa Siaya, mama ni Mkikuyu wa Wangige. Walikutana chuo kikuu, wakaelewana kwa Kiingereza, wakatulea kwa Kiingereza. Mimi sijui Kijaluo wala Kigikuyu. Tafadhali likumbukeni jambo hilo, kwa sababu ndilo lililonifuata hadi Eyasi.

BARUA KUTOKA UFARANSA

Sasa niwaeleze safari yenyewe ilianzaje. Binamu yangu anasoma Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Wikendi moja alipanda treni akaenda mji wa Bayonne, ambao umo katika nchi ya Wabaski. Aliniandikia kwamba huko vibao vya barabarani vimeandikwa kwa Kifaransa na pia kwa Kibaski, ambacho wenyewe wanakiita Euskara. Wabaski wako pande mbili za mpaka, wengine Ufaransa, walio wengi Hispania, na wanaojua lugha yao ni zaidi ya laki saba. Ajabu ni kwamba lugha hiyo haihusiani na lugha nyingine yoyote inayojulikana. Maji kwa Kihispania ni agua, kwa Kifaransa ni eau, lakini kwa Kibaski ni ura.

Barua hiyo nilimsomea rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja. Yeye ni Mwiraqw wa Karatu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu.

"Lugha isiyo na ndugu? Huna haja ya kwenda Ufaransa. Ipo huku kwetu, chini ya mlima Oldeani. Mjomba wangu analima vitunguu huko. Omba ruhusa kwa mama, Jumamosi twende."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari za Wahadzabe.

SAFARI

Tuliondoka Arusha alfajiri ya Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba. Kutoka Arusha hadi Karatu ni kilomita kama 140. Mnapita Makuyuni, mnakunja kulia, mnafika Mto wa Mbu, ambako akina mama wanauza ndizi nyekundu kando ya barabara. Kisha basi linaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na ukigeuka nyuma unaliona Ziwa Manyara limelala chini kama shuka. Naam, ni bonde lile lile tunaloliona sisi tukisimama pale juu kuelekea Naivasha. Nilijiambia kwamba bado niko nyumbani.

Baada ya Karatu mambo yalibadilika. Tulipanda gari dogo lililojaa magunia, tukaiacha lami, tukateremka kuelekea Mang'ola kwa barabara ya vumbi na mawe. Vumbi liliingia puani, masikioni, hata kwenye chapati aliyonifungia mama. Tulipofika chini, joto lilitupokea. Ziwa Eyasi ni ziwa la magadi, na wakati wa kiangazi maji hurudi nyuma sana, ukabaki uwanda mweupe unaometameta juani. Lakini pembeni yake, penye chemchemi, ardhi ni kijani tupu. Hapo ndipo palipo mashamba ya vitunguu vya Mang'ola vinavyosifika hata Nairobi.

"Shikamoo mjomba," nilisema kwa ufasaha, maana nilikuwa nimekwisha kufunzwa adabu.

"Marahaba mwanangu. Karibu Mang'ola. Huku utasikia lugha mpaka kichwa kiume."

SOKO LENYE FAMILIA NNE

Mjomba hakutania. Jioni ile alitupeleka sokoni, akanionyesha jambo ambalo nadhani kila mwanachama wetu angependa kulijua.

Wataalamu huzigawa lugha katika familia, kama watu. Lugha ni ndugu zikiwa zimetokana na mama mmoja wa zamani. Chukua neno "mtu". Kigikuyu husema mundu, Kiluhya omundu, Kiganda omuntu, Kizulu umuntu. Huhitaji darubini kuona kwamba hao wamenyonya ziwa moja. Hiyo ndiyo familia ya Kibantu, na Kiswahili ni mtoto wake.

Kule Mang'ola familia hiyo inawakilishwa na Waisanzu, Wasukuma na wengineo. Wairaqw, watu wa rafiki yangu, ni wa familia ya Kikushi, jamaa za mbali za Wasomali, Waoromo na Warendille. Wadatoga, wale wafugaji na wahunzi wenye bangili za shaba, ni Waniloti, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kikalenjin. (Mwanafunzi wa Eldoret akipita pale asisengenye watu ovyo!) Halafu kuna Wahadzabe, ambao lugha yao haimo katika familia yoyote kati ya hizo tatu, wala nyingine.

Fikiria, msomaji: familia tatu kubwa za lugha za Afrika, na moja iliyosimama peke yake, zote zinakutana mahali ambapo unaweza kupazunguka kwa siku moja. Je, wanaelewanaje? Nilisimama nikamsikiliza Mdatoga akibishana bei ya vichwa vya mishale na kijana wa Kihadzabe aliyeleta asali. Mhunzi alitaja chombo kizima, kijana akataka kutoa nusu. Walipigana maneno, wakataniana, wakapatana. Yote kwa Kiswahili. Hakuna aliyekuwa bwana wa mwenzake. Kiswahili kilikuwa cha wote wawili sawasawa, kama benchi ambalo kila mtu anaweza kukalia.

Nilikumbuka "fungua geti" yangu, nikanyamaza.

SAUTI ZA VIDOKO

Jumapili tuliamka kabla ya jua. Tulilipa ada ya wageni katika ofisi ya utalii kama wageni wote, kisha mjomba akatupeleka kwa wazee wa Kihadzabe anaowauzia vitunguu na kununua asali kwao. Tuliwakuta wameketi kuzunguka moto chini ya mbuyu, mbwa wamejikunja kandokando. Nami, badala ya kusalimu, mkono ukaenda mfukoni kutafuta simu nipige picha. Rafiki yangu alinikanyaga mguu. Nikairudisha, nikasema shikamoo. Mzee aliyekuwa karibu na moto akaitikia marahaba, akanionyesha mahali pa kukaa.

Wahadzabe ni watu kati ya elfu moja na elfu moja mia tatu hivi. Shule yetu pamoja na jirani zetu wawili ingeweza kuwazidi. Wanaishi kulizunguka Ziwa Eyasi, hapa Mang'ola na kule Bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Zamani majirani waliwaita Watindiga, jina wasilolipenda. Wao hujiita Hadza, yaani mtu, na lugha yao ni Hadzane. Baadhi yao bado huishi kwa kuwinda kwa upinde, kuchimba mizizi, kuchuma ubuyu na kurina asali. Katika miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya katika makazi ya kudumu huko Yaeda Chini, lakini wengi walirudi porini. Mwaka wa 2011 jamii za Yaeda zilipewa hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na hilo limewasaidia kuilinda misitu yao.

Lugha yenyewe ina vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi. Jaribuni nami hapo mlipo. Kidoko cha kwanza weka ulimi nyuma ya meno, uuvute, kama mtu anayesikitika. Cha pili vuta upande wa shavu, kama unamhimiza punda. Cha tatu gonga juu ya kaakaa, utoe mlio kama wa kizibo cha chupa kinachofunguka. Sisi tunazo sauti hizo, lakini tunazitumia kusikitika na kuita punda tu. Wao wanazitia katikati ya neno, kama sisi tunavyotia "b" au "t", bila kusita. Mimi nilijaribu neno moja mara sita. Watoto walicheka hadi wakagaagaa chini, nami nikafurahi kuwa mwanafunzi wa mwisho darasani.

Kwa sababu ya vidoko hivyo, wataalamu wa zamani waliiweka Hadzane katika kundi moja na lugha za vidoko za Kusini mwa Afrika. Baadaye walipochunguza zaidi walikuta msingi ni mwembamba. Kizulu na Kixhosa zina vidoko, na ni za Kibantu. Hapa hapa Kenya, upande wa Lamu karibu na mlango wa Mto Tana, kuna Wadahalo, lugha yao ina vidoko, na ni ya Kikushi. Sote hapa shuleni tunavaa sweta moja, je, tumezaliwa na mama mmoja? La hasha. Ndiyo maana leo Hadzane huhesabiwa kuwa lugha pekee, isiyo na ndugu, kama Kibaski kule Ulaya.

Ina mambo yake ambayo huyapati kwingine. Punda milia akiwa hai ana jina lake, dongoko. Lakini mwindaji akimwangusha, kuna jina jingine la kumtangazia ushindi. Wanyama kama kumi na wawili hivi wana majina mawili namna hiyo, moja la uhai na moja la furaha ya nyama. Lugha hiyo ikifa, ni nani atakayebuni tena jambo kama hilo?

NDEGE ANAYEJUA LUGHA

Mzee alituonyesha pia namna wanavyomwita ndege anayeelekeza watu kwenye asali. Mwindaji hupiga mluzi. Ndege akisikia huja, hulia, huruka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki porini. Watu hufukuza nyuki kwa moshi na kutoa masega. Ndege naye hupata nta na viluwiluwi vya nyuki. Kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Mwishoni mwa 2023 watafiti walichapisha jambo la kushangaza kuhusu ndege hao. Kule Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao humwita ndege huyo huyo kwa sauti nyingine kabisa: mtetemo wa ulimi na mgumio mwishoni. Watafiti walipowachezea ndege wa Eyasi sauti za pande zote mbili, waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao. Na wale wa Niassa waliufuata mwito wa Wayao. Kumbe hata ndege ana lugha ya kwao!

Mzee alipiga mluzi mrefu. Tukangoja. Ndege hakuja. "Leo ameshiba," akasema, tukacheka sote.

SWALI LENYEWE

Ni katika kicheko hicho mzee alinigeukia.

"Kijana, huko kwenu mnaongea lugha gani?"

"Kiswahili na Kiingereza, mzee."

"Hizo za soko na shule. Nyumbani?"

"Kiingereza."

Akanitazama vizuri. "Baba yako Mzungu?"

"Hapana, mzee."

"Mama?"

"Hapana."

Aliwaambia wenzake jambo kwa Hadzane, nikasikia kidoko katikati yake, wakatikisa vichwa. Hawakunicheka. Afadhali wangenicheka. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Sasa bibi yako akitaka kukuambia jambo la siri, anakuambia kwa lugha gani?"

Nilifungua kinywa, sikupata jibu. Nilimwona nyanya yangu wa Wangige, ana miaka themanini na mitatu. Kiswahili chake ni cha sokoni na changu ni cha getini. Kila tukienda kumwona Jumapili mazungumzo yetu ni haya: "Umekula?" "Nimekula." "Masomo?" "Mazuri." Basi. Kutoka Kitisuru hadi kwake, matatu haichukui hata saa moja, na mimi nilikuwa nimesafiri siku nzima kwenda kusikiliza lugha ya bibi wa watu wengine.

PETE NA KIBAO

Usiku ule nilirudi Arusha, nikamwuliza mama moja kwa moja kwa nini hakutufundisha Kigikuyu. Nilidhani atasema hakuwa na wakati. Alikaa kimya kwa muda, halafu akaniambia kuhusu diski.

Huenda wengine wenu mmesikia kwa wazazi. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, na angekivua tu kwa kumkamata mwenzake akikosea vivyo hivyo. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. "Nilikivaa siku tatu mfululizo," mama alisema. "Nilikuwa na miaka minane. Nilijiapia kwamba watoto wangu hawatakivaa kamwe."

Sikuwa na la kumlaumu. Alikuwa amenikinga na kile kibao kwa njia aliyoijua.

Nilimwandikia binamu yangu habari hii. Jibu lake lilinishtua. Kumbe katika nchi ya Wabaski ilikuwa hivyo hivyo, ila wao walitumia pete. Mtoto aliyesikika akisema Kibaski alipewa pete, akaipitisha kwa mwenzake aliyekosa, na aliyebaki nayo mwishoni aliadhibiwa. Kisha ukaja utawala wa Jenerali Franco, kuanzia 1939 hadi 1975, na Kibaski kikafukuzwa shuleni na ofisini kote Hispania. Bado hakikufa. Wazazi walianzisha shule zao za Kibaski, nyingine kwa siri. Mwaka wa 1968 wasomi wao walikutana Arantzazu wakaanza kuweka namna moja sanifu ya kukiandika. Mwaka wa 1982 sheria ikapitishwa katika jimbo lao ya kukirudisha madarasani na serikalini. Leo wako vijana wengi wanaokijua Kibaski ilhali wazazi wao hawakijui. Wamekipokea kutoka kwa babu zao na shule, wakamruka mzazi katikati.

Sasa linganisheni na habari ya kwetu. Katika msitu wa Mukogodo, Laikipia, waliishi Wayaaku, warina asali na wawindaji kama Wahadzabe. Katika miaka ya 1920 na 1930 walianza kufuga ng'ombe na kuoana zaidi na Wamaasai, wakaona lugha yao ni ya watu maskini wasio na mifugo, wakashika Kimaasai. Hawakukatazwa na askari. Waliona haya tu. Kizazi baada ya kizazi lugha ikabaki kwa wazee wachache, na sasa wajukuu wanajitahidi kuyaokota maneno yaliyosalia.

Hapo ndipo nilipoielewa Eyasi. Wahadzabe ni wachache mno, lakini watoto wao walionicheka chini ya mbuyu walinicheka kwa Hadzane. Lugha haifi kwa uchache wa watu. Hufa siku mama anapoona haya kumwimbia mtoto kwayo. Na Kiswahili hakikuwameza. Wanakitumia kumwuzia Mdatoga asali na kuzungumza na mgeni kama mimi, kisha wakirudi motoni wanarudi kwao. Kiswahili ni cha kukutana na jirani, cha nyumbani ni cha nyumbani, na mtu mmoja ana nafasi ya vyote viwili kichwani, na Kiingereza juu yake.

NIMERUDI

Desemba tulirudi Kitisuru. Siku ya tatu nilipanda matatu peke yangu hadi Wangige, nikiwa na daftari na chupa ya asali ya Mang'ola. Nyanya aliionja kwa kidole. Nikamwomba, kwa Kiswahili na kwa neno "naomba", aniambie asali inaitwaje kwa Kigikuyu.

"Uuki," alisema. Akanitazama. "Unataka nini na hayo?"

Nikamwambia nataka kujua. Basi akaweka chupa chini, akaanza kunieleza kwamba baba yake alikuwa na mizinga mitini kabla ya mashamba ya kahawa kuenea, na mzinga unaitwaje, na moshi, na nta. Alisimulia nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kigikuyu, nami nikiandika mbio mbio. Kufika jioni nilikuwa na maneno kumi na saba. Hatukuulizana kama tumekula. Siri yoyote hajaniambia bado, lakini ameniambia nirudi.

Wanachama wenzangu, nimalizie kwa ombi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Tena inaitaka serikali iendeleze lugha zetu nyingine zote. Hayo ni ya serikali. Ya kwetu ni mawili. La kwanza, Kiswahili tukitoe getini, tukiketishe mezani. Tukizungumze na wazazi, na wenzetu, na mwalimu mkuu, na tukimwambia askari neno tuanze na salamu. La pili, mwenye nyanya, dani au bibi aliye hai, aende na daftari. Napendekeza toleo lijalo la jarida hili liwe na ukurasa mmoja wa maneno hayo, kila mtu alete matano ya kwao, pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Benchi ni letu sote. Mwacha mila ni mtumwa, na sisi tulio Kitisuru tusidhani utumwa wa namna hiyo hauvai sare nzuri ya shule.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Jumapili hii naelekea Wangige.